Kodi ya Chumba cha Mbele

Sogeeni wanangu, kaeni hapa hapa kitandani, msiogope kunikalia miguu, haisikii tena kitu. Nimewaita nyote watatu kwa sababu jana nilimsikia kaka yenu mkubwa pale sebuleni akisema, "Mama akifumba macho tu, yule Mama Barafu atoke, chumba cha mbele kipate mpangaji wa maana." Mwanangu, masikio ndiyo ya mwisho kuzeeka katika mwili huu. Sikukasirika. Ila nikinyamaza leo, mdogo wenu atalia kesho, basi acheni niseme ningali na pumzi.

Chumba kile baba yenu, Mungu amrehemu, alikijenga kwa ajili ya cherehani yake. Nyinyi wakubwa mmekulia chini ya meza ile, mkilala juu ya vipande vya vitambaa, naye akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja ili wa pili usiwaguse. Mteja akija na haraka zake, baba yenu humwambia, "Bwana, suruali ya haraka hupasukia harusini." Tulicheka! Nyumba hii ilikuwa na kicheko hata siku ambayo sufuria haikuwa na kitu. Kisha akazaliwa kitindamimba wetu, huyu anayenishika mkono, na homa zikaanza kupokezana mwilini mwake, leo kifua, kesho sikio, mpaka daktari akatuambia damu yake haina walinzi, itabidi atiliwe dawa yenye walinzi hao kwenye mshipa kila mwezi, maisha yake yote. Baba yenu aliuliza moja tu: "Nyumbani inawezekana?" Ikawezekana. Chupa ya kwanza tuliitundika kwenye msumari wa makoti ya wateja, nesi akampapasa mkono akasema, "Mishipa ya huyu mtoto ina aibu kama bibi harusi," na mtoto akamjibu, "Basi iimbie itoke!" Na nesi akaimba kweli, tena vibaya, mnakumbuka?

Dawa hulipiwa na kodi ya vyumba viwili vya uani, hilo mnalijua. Chumba cha mbele nacho hulipa, ila hulipa kwa baridi. Dawa ile ikipata joto imeharibika, ikiganda pia imeharibika. Wewe kaka mkubwa, uliponunua friji yako mpya ulikuja kuichukua dawa kwa mbwembwe, "Kwangu itapoa zaidi, mama," ukaitia kule juu kunakoganda maji, ikarudi jiwe. Nesi akaigonga mezani, ko ko ko, akasema, "Hii sasa jengeeni ukuta." Tukacheka tena, lakini mwezi ule mdogo wako alilazwa, na baba yako akauza cherehani ipatikane chupa nyingine. Usiinamishe kichwa. Ulimpenda mdogo wako, hukuuliza tu.

Chumba kikabaki kitupu, ndipo akaja Mama Barafu na mafriji yake ya biashara ya barafu, akasema, "Dada, nipunguzie kodi, rafu ya chini iwe ya mwanao, hapo hata soda ya mkwe wangu haitakaa." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umeme ukikatika, nyinyi hutafuta mshumaa, yeye hukimbilia jenereta, maana barafu yake ikiyeyuka na chakula cha wanawe kimeyeyuka. Wekeni dawa kwa mtu atakayelia kabla yenu. Mpangaji wa maana mnayemtaka atawapa pesa nyingi, na dawa mtaiweka wapi?

Basi shikeni neno langu. Nyumba ni yenu watatu, sawa kwa sawa. Lakini chumba cha mbele kisiuzwe wala kodi yake isipandishwe, maadamu ndugu yenu anaihitaji ile chupa. Wewe binti yangu wa kati una mkono mwepesi, wewe ndiye utakayekaa na nesi. Nawa kwanza, porojo baadaye. Chupa itoke mapema, ijipashe yenyewe mezani, usiitie maji moto hata kama una haraka. Matone yaende polepole, na mdogo wako akitetemeka au kifua kikimbana, funga mpira unaopitisha dawa, mwite nesi, usione haya.

Nawe kitindamimba, usithubutu kujiita mzigo. Siku za chupa ndizo siku pekee alizofunga kazi baba yako, tukakaa sote chumba kimoja mchana kutwa tukisimuliana... Ningepewa niishi tena siku moja, ningechagua mojawapo ya hizo.

Nimechoka... Kaka mkubwa, nenda sasa hivi ukamwambie Mama Barafu hatoki. Nenda, nitakungoja.

...Namsikia. Amempigia hodi... "Shikamoo, mama." Mnasikia? Hajawahi kumwamkia yule mama, miaka yote hii... Na yeye anacheka. Anasema, "Marahaba, baba, karibu, kaa."

Mungu awape... awape kuvumiliana. Awafunike. Mwacheni akae huko kidogo... hata nikifumba macho, msimwite.