Mwana wa Kitaya, Mwalimu wa Fedha za Kijani: Mikaeli Isaya Nandonde (1976–2025)

Mikaeli alizaliwa Kitaya, kandokando ya Mto Ruvuma, tarehe 14 Juni 1976. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mwalimu Isaya Nandonde na mama yetu Martha.

Shule ya msingi alisoma Kitaya, darasani kwa baba yake mwenyewe, aliyemchapa kuliko wengine ili asidhaniwe anapendelewa. Akaendelea na sekondari Mtwara mjini, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikopata shahada mbili za uchumi na fedha.

Kuanzia mwaka 2011 alifundisha chuo kikuu hapa Mtwara. Somo lake lilikuwa fedha za kijani, yaani namna ya kupata mikopo na mitaji kwa kazi zinazolinda ardhi, maji na misitu. Kila mwaka aliwapeleka wanafunzi Kitaya na kuwasimamisha kwenye kaburi la baba, kwa kuwa mto ulikuwa unakula ukingo kuelekea pale. Aliwaambia kwamba kabla ya kukopesha waulize kama mahali penyewe patakuwepo siku ya kulipwa. Mwaka mmoja mwanafunzi wake Hemedi akauliza, "Sasa mwalimu, mzee tumkopeshe?"

Mikaeli alicheka kabla ya wote. "Hakopesheki huyu. Dhamana yake inaliwa na mto."

Moyoni hakuwa anatania. Aliomba fedha za kupanda mianzi ukingoni, akajibiwa kila mara kuwa mradi ni mdogo mno. Akaomba basi baba ahamishiwe mjini. Mama akakataa.

"Wanafunzi wako wafundishe," alimwambia. "Mume wangu mwache alale."

Alifunga ndoa takatifu na Beatrice, muuguzi, tarehe 5 Desemba 2009. Mungu aliwajalia Isaya na Riziki. Kanisani aliimba sauti ya nne.

Agosti mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Alifundisha hadi Januari, akiwa amekaa kitini. Mwezi Machi, akiwa amelazwa, Ruvuma ilifurika na ukingo ule ukaporomoka pamoja na kaburi. Mama alikwenda mwenyewe. Alichokipata ni msalaba wa mninga, umelala kwenye matope. Tukakubaliana Mikaeli asiambiwe.

Mama aliporudi hospitalini, Mikaeli alimuuliza, "Mama, mto umefika wapi?"

"Uko mbali, mwanangu."

Aliitazama miguu ya mama, tope lilivyokaukia kwenye vidole. "Haya, mama," akasema. Hakuuliza tena.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 13 Mei 2025. Kwa nini iwe hivi, Mungu ndiye ajuaye. Mama ndiye aliyeamua azikwe hapa mjini, mbali na mto, na msalaba wa baba usimikwe leo kando ya wake.

Ameacha mama yake Martha, mjane Beatrice, watoto Isaya na Riziki, mdogo wake Rehema, na wanafunzi wake.

Bwana awapumzishe wote wawili kwa amani.