Ma Edvina na Besi ya Muleba

Bi. Edvina Kokushubila anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja katika studio yetu ya Kitendaguro, na kazi yote ya sauti nilimfundisha mimi. Mkurugenzi ameniomba nisidanganye kwenye jarida la wafanyakazi, kwa hiyo nasahihisha: nilimfundisha chupa ya chai inakaa wapi. Mimi ni mtu wa jenereta, na hata darasa la saba nililimaliza kwa huruma ya mwalimu.

Alianza na kanda zile za kugeuza upande, akafika kwenye kompyuta. Amerekodi kwaya za Wakatoliki wa Kashozi na za Walutheri wa mjini, na wote aliwaambia wanaimba vizuri. Hapo alikuwa anatenda dhambi, ila ndogo.

Lakini kazi yake ninayoipenda kuliko zote ilianza kwa kosa. Kompyuta ikiwa bado ngeni kwetu, alikwenda Muleba kurekodi kwaya iliyokuwa ikijiandaa kwa jubilei ya paroko wao. Kinasa sauti chake kilikata kila sekunde ya wimbo vipande 44,100. Programu ya kurekodia hapa studio ilipangwa kusoma 48,000. Unapoingiza faili la namna hiyo lazima uiambie programu ilibadilishe, la sivyo inavimaliza vipande kabla ya wakati, kama mgeni mwenye njaa. Wimbo unakimbia, sauti zote zinapanda. Ma Edvina hakuiambia. CD ikaenda Muleba.

Kule waliipenda mno. Mwalimu wa kwaya, Onesphory, alisema hatimaye wanasikika kama watu wa mjini, akaamuru mazoezi yote yafuate CD. Vijana wakajikaza. Ta Byarugaba, mzee aliyewaimbia besi tangu kanisa halijaezekwa mabati, hakuzifikia zile noti. Ikaamuliwa kwamba uzee umemkamata. Siku ya jubilei angebeba bango tu.

Ma Edvina aligundua alipousikiliza tena wimbo kwenye kinasa chenyewe. Hakuna aliyekuwa amelalamika. Mimi nilimshauri anyamaze, maana wateja walikuwa na furaha. Aliniita mjinga, akapanda basi. Mbele ya kwaya nzima akapiga CD ile, kisha wimbo wenyewe ulivyoimbwa.

“Ni mimi niliyewakimbiza,” akawaambia. “Ta Byarugaba hana kosa.”

Mzee akasikiliza besi yake ikitoka kwenye spika, nene, haina haraka.

“Nilijua nitazeeka, binti yangu,” akasema, “lakini si kwa CD moja.”

Jumapili ya jubilei bango lilibebwa na Onesphory. Ta Byarugaba aliimba mpaka wapishi wa ndizi za ebitoke wakaacha masufuria wakaja dirishani.

Tangu hapo hakuna faili linaloingia kwenye kompyuta yetu bila kuulizwa kwanza limetoka na kasi gani. Vijana anaowaachia studio wameiga; wanaliuliza hata la salamu za harusi.

Ma Edvina, asante kwa masikio yako na kwa kutuvumilia. Nenda Kagondo kwenye migomba na kahawa yako, ulale mpaka jua lipande, uishi kwa raha na afya.

Ila usikabidhi ufunguo kwanza. Wiki ile ile ya Muleba uliingiza wimbo niliomwimbia mke wangu, Magdalena, na mpaka leo anawapigia wageni wimbo huo, mimi nikilia kama kifaranga. Uliahidi kuurekebisha, na faili bado lipo. Nibadilishie kasi, mama, wajukuu waisikie sauti iliyomtoa bibi yao kwao.