Wiki ya Likizo Katika Daftari la Dada

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu, na ninyi wanafunzi wa zamani mliosimama pale nyuma kwa kukosa viti, sogeeni kivulini, maana historia hii ni ndefu kidogo, na anayeisoma ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa familia, ambaye aliombwa na marehemu mwenyewe aisome bila kuruka mstari.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Agosti 1965, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa karani wa posta na mshonaji wa sare za shule, na mama yetu mpendwa alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alikaa siku mbili halii, anawaangalia watu usoni tu, mpaka mkunga akasema huyu hakuja kuzaliwa, amekuja kukagua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, sekondari kuanzia 1980 hadi 1983, kisha chuo cha ualimu, na Januari 1987 akaanza kufundisha darasa la tatu, kazi aliyoifanya kwa miaka tisa, akijulikana kwa kutopiga fimbo wakati ambapo mwalimu asiyepiga fimbo alionekana mgonjwa. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi redio, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1993 na wa kiume mwaka 1995, na alipokwenda chuo kikuu kusomea saikolojia, kuanzia 1996 hadi 1999, shemeji ndiye aliyebaki kuwasuka nywele na kuwaogesha, na kuhusu ususi wake heri tunyamaze, leo ni siku ya huzuni.

Tarehe 17 Januari 2000 aliajiriwa kuwa mwanasaikolojia wa shule, na kwa kuwa wenye taaluma hiyo walikuwa wachache, alipewa shule nne zenye wanafunzi elfu tatu mia moja na kumi na wanne, kila shule siku yake, Ijumaa ikiwa ya kuandika ripoti, hata wanafunzi wa shule ya kwanza wakamwita Bi Jumatatu, wa pili Bi Jumanne, na kadhalika, ndiyo maana leo asubuhi watu wawili pale getini wamebishana kama wamekuja kwenye msiba mmoja. Chumba chake katika shule ya Alhamisi kilikuwa stoo ya ramani, chenye dirisha lisilofunguka, meza moja na viti viwili vya chekechea, naye akikaa kwenye kimoja magoti yakimfika kidevuni, ili mtoto asilazimike kumtazama kwa kuinua shingo.

Mdogo wake alimfuata katika kazi hiyo hiyo mwaka 2005, naye akapewa shule tatu, na kila alipokwama alimpigia dada yake simu, na dada akamjibu kwa kumuuliza swali, mpaka mdogo mtu akawa anasema dada, mimi si mteja wako, nijibu tu.

Sasa tunafika mahali ambapo kikao cha familia cha Jumatano kiligawanyika, kwa maana shangazi yetu, kwa nia njema kabisa, alisema marehemu hasemwi, ruka hapo uende kwenye ugonjwa, na mdogo wake alikubali haraka mno, akajionea aibu kwa jinsi alivyokubali haraka, kwa sababu hakuwa anamsitiri marehemu.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 mtafiti wa chuo kikuu, mwanamke mpole mwenye miwani, aliomba wanasaikolojia wa shule washiriki katika utafiti kuhusu kazi yao, kwa hiari, bila majina, kila mmoja apewe daftari lenye namba tu, na kwa wiki kumi na mbili, kuanzia Jumatatu tarehe 16 Machi hadi Ijumaa tarehe 5 Juni, aandike kila siku kabla hajaondoka shuleni ni watoto wangapi amewaona, kwa dakika ngapi, na wangapi amewaambia warudi siku nyingine. Walijitokeza ishirini na sita, marehemu akiwa wa kwanza kutia sahihi, na aliwahimiza wenzake, akiwaambia kwamba miaka yote wamelalamika kazi imewaelemea, sasa amekuja mtu wa kuwahesabia mzigo, wamwonyeshe.

Naye hakuandika. Jumatatu ya kwanza alikuwa na watoto kumi na wanne mlangoni, akalitia daftari kwenye droo, na siku zikaenda, na Jumapili tarehe 7 Juni, mchana, alikaa mezani kwake na kalamu tatu za rangi mbalimbali, ili ionekane kwamba yameandikwa siku tofauti, akajaza wiki zote kumi na mbili kwa mkupuo mmoja. Hakujaza ukweli wa siku zile, kwa sababu ukweli huo ulimtia haya, alijaza kazi kama alivyotamani ingekuwa, watoto sita kwa siku, dakika arobaini kila mmoja, hakuna aliyerudishwa, na msichana wa darasa la sita, aliyekuwa ameacha kuongea darasani, alimwandikia mikutano tisa, wakati alikuwa amemwona mara mbili tu, na mara ya tatu amemwambia, ngoja Alhamisi ijayo, mwanangu. Na katika kukimbiza kalamu alijaza pia wiki ya tarehe 6 Aprili, siku zote, vizuri kabisa, akisahau kwamba wiki hiyo shule zilikuwa likizo na mageti yake yana kufuli.

Ripoti ilitoka Septemba, na mtafiti, kwa moyo wake mweupe, akaandika kwamba wanasaikolojia hawa wanamudu kazi yao, na kwamba wapo wanaojitolea kuwaona watoto hata wakati wa likizo, na ofisi ya elimu, iliyokuwa na ombi la nafasi kumi na moja mpya za wanasaikolojia mezani, ikalirudisha ombi hilo na nakala ya ripoti juu yake. Siku barua ya ofisi iliposomwa katika kikao cha wanasaikolojia, mwenzao mmoja alitania, huyo shujaa wa likizo ni nani tumpe kombe, watu wakacheka, marehemu akacheka, na mdogo wake, viti viwili kutoka kwake, akacheka pia.

Msichana wa darasa la sita alikuwa ameshaacha shule tangu Julai. Marehemu alimfuata nyumbani kwao, akamkuta anafua nguo za watu uani, na mama yake hakumgombeza, alimkaribisha kiti, akamwambia tu, alikuwa anazihesabu hizo Alhamisi zako, mwalimu, mpaka akachoka. Marehemu aliwahi kusema kwamba angetukanwa angelala vizuri zaidi.

Tarehe 2 Novemba alikwenda chuo kikuu kuomba daftari lake liondolewe, na kwa kuwa madaftari hayakuwa na majina, akaeleza alama, lina wiki ya likizo, na mtafiti alipofungua sanduku, yenye wiki ya likizo yalikuwa tisa. Yalipangwa mezani ili alitambue la kwake kwa mwandiko, akalitambua, na mtafiti akasema kwamba kulitoa moja hakubadilishi hitimisho, lakini wote tisa wakijitokeza ataiandikia ofisi kwamba ripoti haifai. Watu husema kifo cha wengi harusi, lakini aibu ya wengi, alisema marehemu, haina hata ngoma.

Basi Jumamosi tarehe 14 Novemba 2009, katika mkutano wa mwaka, mbele ya afisa elimu, marehemu alisimama akasema mtu wa likizo ni mimi, nimedanganya, na mtoto mmoja amelipia, tena hatuko mmoja, tuko tisa, sitaji mtu, ninawasubiri wenzangu wasimame. Alisimama pale kwa dakika kama nne, feni ikizunguka, na hakusimama mtu. Alipewa barua ya onyo, na nafasi ya uratibu wa wanasaikolojia wa shule iliyotarajiwa kuwa yake alipewa mdogo wake, Januari 2010, naye akaipokea, akamshukuru Mungu hadharani. Nafasi zile kumi na moja hazikutolewa mpaka mwaka 2016. Marehemu aliendelea na shule zake nne, na kila siku kabla ya kufunga stoo ya ramani aliandika kwa mkono wake watoto ambao hakuwafikia, majina yao, si idadi, na msichana yule alimrudisha shuleni Januari 2011, akiwa mkubwa kuliko darasa zima.

Machi 2023 iligundulika kuwa kisukari kimeshambulia figo zake, akatibiwa kwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, mchana, mdogo wake akiwa anammenyea chungwa, alimwambia kwamba siku ile madaftari yalipopangwa mezani, la pembeni ya lake aliujua mwandiko wake, kwa sababu yeye ndiye aliyeufundisha, akimshika mkono alipokuwa na miaka mitano. Hakusema zaidi ya hapo, ila kwamba historia yake isomwe yote, na chungwa lina mbegu. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari, saa kumi na dakika ishirini jioni, akiwa na miaka hamsini na tisa, miezi sita na siku nane, akiacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopika na kufagia uwanja bila kuitwa, walimu wakuu wa shule zote nne, na wafanyakazi wenzake, wakiwemo wale wanane wengine wa likizo, ambao hatutamtaja yeyote hapa kama yeye alivyokataa kuwataja, isipokuwa mmoja. Daftari lililokuwa pembeni ya la dada ni langu. Mheshimiwa afisa elimu, barua zangu utazikuta ofisini Jumatatu, ya kujiuzulu uratibu na ya kukiri kuhusu utafiti, zote mbili ziko kwenye bahasha moja.

Miaka kumi na tano, dada, ulijua na ukaendelea kunipikia. Pumzika sasa, kaa chini, nimesimama.