Bega Langu Lilifunguliwa Kambi ya Polisi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitikia kama watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe! Naam, hivyo ndivyo.

Mnanijua. Mimi ni fundi wa masanduku ya bati pale Katwe, yale watoto wanayokwenda nayo shuleni. Mkono wa kulia ndio unaonilisha. Basi siku moja nilikuwa kwenye foleni ya sukari, risasi zikalia hewani. Sisemi nani alipiga, mimi nina watoto. Watu walikimbia, nikaangushwa mtaroni, wengine wakapita juu yangu. Nilitoka hai, haleluya! Lakini bega lilikufa.

Ndugu zangu, niliteseka! Mama mmoja wa Kisenyi alinikanda kwa samli ya moto mpaka nikanuka pilau. Mganga wa mifupa akanifunga mkono kifuani kwa kanga ya mke wangu, akasema nisiutikise hata kidogo. Nikatii. Miezi ikapita, bega likakaza kama bawaba yenye kutu. Nyundo ikanishinda. Mke wangu, Mama Ruti, akaanza kukaanga mihogo barabarani ili tule. Hospitalini waliniambia wataalamu wa viungo wameondoka nchini. Nikafunga, nikaomba: Mungu wangu, nipe mtu aliyesomea kazi hii, mwenye leseni, nimechoka na wababaishaji!

Mungu akajibu kwa kinywa cha dada Akello, huyu hapa mwenye gauni la gomesi la kijani. Alisema yuko Hajati Zainabu, Mnubi, mke wa sajini. Alisomea tiba ya viungo, leseni anayo, na anatibu watu nyumbani kwake, ndani ya kambi ya polisi.

Kambini! Mnatujua sisi watu wa Katwe: tukiona gari la askari tunaacha nyundo na kupotelea uchochoroni. Sasa niingie lango lile kwa miguu yangu mwenyewe, mchana kweupe? Mama Ruti alinishika shati.

"Baba Ruti, wanaoingia huko hatuwaoni tena!"

"Niombee, mama. Bila mkono huu nimekwisha hata nikibaki hapa."

Nikaenda, dada Akello mbele, mimi nyuma na nyundo yangu mfukoni. Alikuwa ameniambia niibebe, maana Hajati hupenda kuona mtu anafanya kazi gani.

Nyumba yenyewe ni ile ya duara, ya bati tupu, kama za maaskari wote. Hajati alinipapasa bega akiwa amefumba macho.

"Nani alikufunga mukono hivi? Mufupa ulipona zamani. Wewe umelalisha bega."

Akaniinamisha, akataka nishike nyundo na kuuacha mkono uning'inie na kubembea. Kisha akanisimamisha ukutani, akataka vidole vyangu viupande ukuta wa bati polepole, kama mjusi. Vilipofika usawa wa sikio, akausukuma mkono juu.

Ndugu zangu, nilipiga ukelele! Bati likavuma kambi nzima. Mara mlango ukafunguka, askari kijana na bunduki yake.

"Nani anapiga mutu hapa?"

Hajati hata hakugeuka. "Hakuna mutu anapigwa. Ni dawa ya bega. Funga mulango."

Yule askari alinitazama nikitokwa machozi, hakufunga. Akauliza kwa upole kama anaweza kumleta mama yake, mgongo unamsumbua. Mwenye bunduki anaomba nafasi nyuma ya fundi wa Katwe! Nilicheka, na sikuwa nimecheka tangu siku ile ya sukari.

Nilirudi wiki baada ya wiki. Nyumbani nilipanda ukuta kwa vidole mpaka Mama Ruti akalalamika chokaa inabanduka. Leo napiga bati asubuhi hadi jioni, njooni Katwe mzibwe masikio! Mama Ruti bado anauza mihogo, lakini sasa ni kwa sababu ameipenda biashara, na mimi simzuii.

Wengine mmeniuliza kwa nini Mungu alimtumia Mwislamu. Muulizeni Yeye! Mimi nilimwomba mtu mwenye leseni.

Namshukuru Bwana, namshukuru Hajati. Na najua humu ndani wamo wenye magoti na migongo iliyokaza, wanavumilia kwa sababu ya kuogopa lango lile. Ndugu zangu, mtumainini Mungu! Jumatatu, jua likishapanda, nitasimama pale relini, karibu na kambi, nikiwasubiri. Langoni nitatangulia mimi.