Mama Mistari Anastaafu, na Korido Inasubiri Jibu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu, wagonjwa wetu pamoja na jamaa zenu: kwa heshima na taadhima nawasalimu nyote.

Madhumuni ya maandishi haya ni kumuaga mtaalamu wetu mkongwe wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ambaye anastaafu Jumatano hii, tarehe thelathini, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya maandalizi imenikabidhi jukumu hili mimi, karani wa mapokezi, kwa kuwa meza yangu inatazamana na mlango wa chumba chake cha mazoezi, na hakuna aingiaye wala atokaye nisimwone. Dhumuni la pili nitalieleza mwishoni, ingawa limekuwa likiniwasha tangu nilipoketi kuandika.

Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Mistari. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alipoajiriwa alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vya raba, na kwamba hakuomba kupelekwa kule mwisho wa korido, jirani na chumba cha kufulia mashuka. Alitaka kuwahudumia wanamichezo. Upande huo ulikuwa na raha yake: aliyevunjika mguu huja na magongo, huondoka bila magongo, na siku moja hupita kusalimia akiwa na haraka ya kwenda mazoezini. Upande aliopangiwa yeye ulikuwa wa maradhi ya neva yasiyoondoka. Walikuwapo waliopooza upande mmoja kwa kiharusi cha zamani, waliokuwa wakitetemeka na kukakamaa kwa ugonjwa wa Parkinson, na wale ambao neva zao hushambuliwa polepole hadi mkono uliokuwa ukisuka nywele unashindwa kushika chanuo. Hao hawaji mara moja wakaaga. Huja, na huja tena, na wengine huja mpaka siku ambayo jamaa zao wanakuja bila wao.

Alipanga kukaa kwa muda mfupi, kisha aombe uhamisho. Lakini kila alipotaka kuomba, palikuwa na mtu ambaye wiki hiyo ndiyo kwanza amejifunza kujigeuza kitandani bila kusaidiwa, naye akataka kuona wiki inayofuata itakuwaje. Kwa namna hiyo wiki zikampita, na nywele zikabadilika rangi.

Ugomvi wake na baadhi ya madaktari unafahamika, na sioni sababu ya kuuficha katika siku yake. Mgonjwa akionekana hana maendeleo, hupendekezwa aache kuja, ili nafasi yake apewe mwingine. Pendekezo la aina hiyo likitolewa, Mama Mistari hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe, na sisi wa mapokezi tulijua kwa mlio wa viatu vyake kwamba daktari fulani leo hatakunywa chai yake ikiwa moto. Hoja yake ilikuwa ileile: maradhi yanamvuta mtu huyu chini kila kukicha, naye bado yupo palepale alipokuwa mwaka jana, kwa hiyo msidhani amekaa bure. Mara nyingine alishinda. Mara nyingine alishindwa, na siku hizo alipanga upya mipira na mikeka ya chumba kizima, kisha akaipanga tena.

Kwa wagonjwa ulimi wake haukuwa na pazia, nao walimpenda kwa hilo. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alikataa katakata kushika kitembezi, fremu ile ya chuma ya kuegemea, akisema kinamzeesha. Mama Mistari alimuuliza kama anasubiri bibi harusi aje amshike mkono. Mwalimu akajibu kwamba bibi harusi alishapatikana zamani, na ndiye aliyemfukuza nyumbani asubuhi ile aje kutukanwa hospitalini. Walicheka wote wawili, na kicheko hakijaisha mwalimu alikuwa tayari ameshika fremu. Na mtu akikata tamaa katikati ya zoezi, akalishika goti lake na kulilaumu, alimwambia neno ambalo sasa linasemwa hata na wafagiaji wetu: "Miguu yako haijasahau, baba. Imesusa tu. Ibembeleze."

Yeye mwenyewe hakujua kukaa. Kiti cha ofisini kwake kilikuwa cha wageni. Chai aliinywa amesimama, taarifa aliziandika ameegemea dirisha, na katika vikao vya idara alizunguka nyuma ya viti vyetu hadi mwenyekiti akapata kizunguzungu.

Sasa nije kwenye mistari, kwa maana bila mistari wasifu huu haujakamilika.

Yupo fundi cherehani mmoja, mgonjwa wa Parkinson, ambaye wengi wenu mmevaa suruali zake. Miaka kadhaa iliyopita, akiwa anatembea vizuri tu kwenye korido, alifika mlangoni pa chumba cha mazoezi akaganda. Miguu iliota mizizi. Nyuma yake palikuwa na toroli la chakula cha wodini, na nyuma ya toroli palikuwa na manung'uniko. Mkewe akamvuta mkono, na kadiri alivyomvuta ndivyo fundi alivyozidi kugandamana na sakafu, mwili ukitangulia na nyayo zikibaki. Katika vuta nikuvute hiyo, futi yake ya kupimia nguo, ambayo hutoka nayo nyumbani shingoni kama wengine wanavyotoka na saa, ikateleza ikalala chini mbele ya viatu vyake. Fundi akaitazama. Akainua mguu, akairuka futi, akapita mlangoni kama kijana anayeruka mfereji.

Mama Mistari alikuwa amelisoma jambo hilo vitabuni: kwamba mguu ulioganda mara nyingi hufunguka ukipewa kitu cha kuruka. Siku hiyo aliliona sakafuni kwake. Kesho yake tulikuta plasta za wodini zimebandikwa kwa kukingama, mstari baada ya mstari, mlangoni hapo. Muuguzi mkuu alilalamika kwamba vidonda vinakosa plasta ilhali sakafu imefungwa vizuri. Hapo ndipo mhudumu wa matengenezo, tunayemwita Bwana Msasa, alipoleta utepe wa kunata wa njano kutoka karakana. Mistari ikaenda kutoka kwenye benchi la kusubiria hadi chumba cha mazoezi, kisha ikapinda hadi mlango wa choo, kwa sababu, kama alivyotueleza bila kupepesa macho, huko ndiko watu wanakoganda wakiwa na sababu nzito zaidi ya kutoganda.

Ndivyo ilivyozaliwa Alhamisi yetu. Kila Alhamisi asubuhi korido ile inakuwa ya wagonjwa wa neva peke yao. Toroli huzungukia nyuma. Havutwi mtu mkono, haambiwi mtu "fanya haraka", na yeyote apitaye, awe na cheo gani, hupita kwa mwendo wa aliye mbele yake. Siku moja daktari bingwa wa upasuaji aliwapita kwa kasi, koti likipepea. Mama Mistari alimrudisha mwanzo wa mistari kama mwanafunzi aliyechelewa, naye akarudi, akafuata msafara hadi mwisho nyuma ya bibi mwenye fremu. Tangu siku hiyo akiwa na miadi siku ya Alhamisi hutoka ofisini kwake mapema.

Nimefika sasa mahali panaponikosesha utulivu.

Katika kuandaa sherehe hii, sisi wanakamati tuliagiza korido isuguliwe na kung'arishwa, kwa sababu wageni watapita hapo kuelekea ukumbini. Bwana Msasa alifanya kazi nzuri. Alisugua, akabandua utepe wote wa njano, akapaka nta. Alipoulizwa baadaye, alisema alidhani mwenye mistari akiondoka, mistari nayo inaondoka. Hatukumwambia hivyo. Wala hatukumwambia vinginevyo, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejiuliza.

Alhamisi iliyopita fundi cherehani alitangulia kufika, mkewe nyuma yake, na nyuma ya mkewe kundi zima la Alhamisi. Sakafu ilikuwa inang'aa hadi taa za juu zinaonekana chini. Fundi alifika mlangoni akaganda. Mkewe, ambaye kwa miaka alikuwa ameacha kumvuta, akaanza kumvuta. Waliokuwa nyuma wakaanza kuyumba, kwa sababu kwao kusimama ni kugumu kuliko kutembea. Nilitoka mezani kwangu nikashika kiwiko cha mmoja, kisha cha mwingine, nisijue nimwachie yupi. Bwana Msasa akaja mbio na ufagio wake, akaangalia huku na huku kutafuta kikwazo.

"Mzee wangu, pita tu," akasema. "Hakuna kitu chini."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe, mwanangu," fundi akajibu, jasho likimtiririka. "Hakuna kitu chini."

Mama Mistari alikuwa ghorofani akikabidhi funguo. Alipofika hakuuliza wala hakulaumu. Aliichukua futi shingoni mwa fundi, akainama, akailaza mbele ya viatu vyake, na fundi akapita. Halafu akaihamisha mbele ya mwingine, na mwingine. Bwana Msasa aliuweka ufagio pembeni, akapiga magoti juu ya nta yake mwenyewe, akaipokea ile futi mikononi mwake, akaendelea kuisogeza hatua kwa hatua hadi wote walipoingia. Tulidhani yameisha. Ndipo Mama Mistari, akijifuta mikono, alipotugeukia sisi tuliosimama pale.

"Alhamisi ijayo nani atainama?"

Mrithi wake hajateuliwa. Chumba chake, tunasikia, kinafikiriwa kuwa stoo ya vitanda. Nilirudi mezani kwangu, na tangu hapo sijaweza kuutazama mlango ule bila kusikia swali lile.

Mama Mistari, pokea shukrani za wafanyakazi wote, na kwa namna ya pekee za wale ambao asante yao hutoka polepole kwa sababu hata midomo yao inahitaji mazoezi. Umetufundisha kutembea kwa mwendo wa aliye mbele yetu. Pumzika, kama utaweza. Tunaokujua tuna mashaka. Tunakuombea afya njema, wajukuu wakorofi wa kukimbizana nao, na miguu isiyokususia kamwe.

Kwa wageni wetu: siku ya sherehe mtaikuta futi ya kupimia nguo imelazwa sakafuni mlangoni pa chumba cha mazoezi. Tafadhali msiiokote. Fundi cherehani ndiye atakayekabidhi zawadi kwa niaba ya wagonjwa, naye atapita hapo. Ameiacha futi yake kwetu mapokezi na anapima wateja kwa kamba, akisema ataichukua jibu likipatikana.

Mheshimiwa Mkurugenzi, hilo ndilo dhumuni langu la pili. Utepe wa njano umo kwenye droo ya mapokezi. Bwana Msasa yuko tayari kuondoa nta. Ninachokosa ni idhini, na jina la mtu. Kwa unyenyekevu naomba uamue: mistari irudishwe au isirudishwe, na zamu ya Alhamisi apewe nani. Wagonjwa watafika Alhamisi asubuhi kama kawaida yao. Naomba uamuzi kabla hawajafika mlangoni.