Mwalimu Auleria Kornelio na Benchi la Mbele

Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 1956, Mwalimu Auleria Kornelio anaweka chaki chini baada ya kufundisha darasa la kwanza hapa Temeke kwa miaka ishirini na mitano. Alikuja mwaka 1931 kutoka Bukoba, akimfuata mumewe, karani wa reli. Sisi watu wa pwani hatujaacha kumtania. Mwandalie sinia la pilau, atakula kwa adabu, kisha atauliza ndizi zinaiva saa ngapi.

Wengine watamsifia mwandiko na nyimbo zake za hesabu. Mie, Jabiri Mwishehe, mwalimu wa darasa la pili, nitaeleza habari za Tunu, maana nisipozieleza mie hakuna atakayezieleza.

Mwaka 1948 Tunu alikuwa darasani kwangu, ana miaka tisa, yatima, analelewa na mjomba wake muuza mkaa. Asubuhi tukiita majina, mtoto hujibu “Nipo!” upesi, na asiyejibu huadhibiwa. Ndivyo tulivyolelewa wenyewe. Tunu hakuwa akijibu. Nikasema huyu ana kiburi, nikawa namzaba vibao kila siku ya Mungu. Tena nikamwandikia mjomba wake barua tatu kwamba mtoto ni mkaidi. Mjomba naye akaendeleza nyumbani kwa mkanda.

Siku moja Mwalimu Auleria alikuja darasani kwangu kuomba chaki. Alimtazama Tunu kitambo, akachukua kengele ya mkono, akailiza nyuma ya kichwa cha Tunu. Darasa zima liliruka. Tunu aliendelea kuandika. Mwalimu akaniwekea kengele mezani, akachukua chaki yake, akatoka. Laiti angenitukana!

Alimpeleka Tunu hospitali, na daktari akasema masikio yale yameharibiwa kwa kupigwa. Mjomba aliposikia, aliapa kumtoa shule akachuuze mkaa, maana asiyesikia atasoma nini? Mtoto ni wake, alisema, sisi walimu hayatuhusu. Wallahi, sote tulinywea. Mwalimu Auleria alikwenda Mtoni, akaulizia jamaa za Tunu nyumba kwa nyumba siku mbili mpaka akampata Bi Hija, shangazi yake Tunu, ambaye hakuwa na habari ya lolote. Wakaenda pamoja kwa jumbe kumdai mtoto, nami nikawafuata.

Mbele ya jumbe, mjomba alitoa barua zangu. Hata shule inasema ni mkaidi, alisema, kosa langu nini? Watu wakaguna, jumbe akaanza kuitikia kwa kichwa kumkubalia. Mwalimu alijua mwandiko ule ni wa nani, lakini hakunitaja, wala hakunitazama. Nilisimama mwenyewe, nikasema barua zile nimeziandika mie na hazina ukweli: mtoto hasikii, nami nimempiga kwa kutosikia. Haya ilinishika, nayo inanishika hata leo ninapoandika. Jumbe akamkabidhi Tunu kwa shangazi yake.

Tangu hapo Mwalimu aliweka benchi la mbele kwa watoto wenye shida. Tunu alikaa hapo, akasoma midomo yetu mpaka akamaliza darasa la nne. Wakafuata wengine: asiyeona ubaoni, mwenye kifafa, mzito wa kushika masomo, na wale wanaosinzia kwa njaa, ambao Mwalimu aliwapikia uji kwa unga wake. Si wote waliookoka. Albano, mmoja wa watoto wa benchi, alitolewa shule tukashindwa kumrudisha, na Mwalimu alilia mbele yetu bila kujificha.

Mwaka huu benchi lina watoto saba. Mwalimu mkuu alitaka kuliondoa Mwalimu Auleria akistaafu, akisema hakuna wa kulishika. Nimelishika mie.

Ahsante, Mwalimu, kwa kunisubiri nisimame mwenyewe. Mungu akupe afya, na ndizi za kutosha huko Bukoba. Ulipokuja kuniaga hukuniuliza habari za Tunu, lakini ujue: Jumapili nilikwenda Mtoni kwa Bi Hija. Tunu ni mwanamwali sasa. Nilisimama mbele yake, karibu, penye mwanga, ili anione midomo, nikamwomba radhi taratibu, neno moja moja. Akanijibu: “Nimesikia, Mwalimu.”