Duka la Neva Ridenour

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi la mbao mbele ya kinyozi, katika mji mdogo wa Almeria, kusini mwa Kalifornia, na wenyewe walikuwa wanne. Dizeli alikuwa dereva wa malori, na ndiye aliyekuja na chupa kubwa ya kahawa. Shemasi alikuwa shemasi kweli wa kanisa la Kibaptisti, ila ulimi wake haukupata kubatizwa. Waziri hakuwahi kuwa waziri wa chochote. Alikuwa karani wa kodi aliyestaafu, na kwa kuwa siku moja alipeana mkono na gavana, hapakuwa na siri ya serikali asiyoijua. Wa nne ni Orval Ridenour, waliyemwita Limau kwa sababu alizeekea kwenye ghala la kupakia malimau, na kwa sababu tangu vita vya Korea viishe hakuna aliyeyaona meno yake. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1965, joto limeshapanda, na ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa duka la viatu, wanawake walikuwa wamejipanga hadi nje. Duka lilikuwa la vitabu, na mwenye duka alikuwa Neva, mke wa Limau.

— Angalieni, angalieni, alisema Dizeli. Mke wa daktari wa meno katoka na katoni nzima! Kitabu kilekile, nakala ishirini. Mtu anasomaje kitabu kimoja mara ishirini?

— Hasomi, anagawa, alijibu Shemasi. Saluni, kanisani, hata kwa muuza nyama. Mke wangu kaletewa vitatu, vyote sawa. Kimoja tumekiweka chini ya mguu wa meza.

— Ndiyo maana meza yenu imeegemea kulia.

Walicheka. Orval alitazama kahawa yake.

Vilikuwa vitabu vya siasa za wahafidhina: vyembamba, jalada jepesi, bei ya sahani ya mayai na mkate. Vilisema serikali imenenepa mno, kodi inamla mtu angali hai, na Ukomunisti umeshapiga hodi, umeshakaribishwa, umeshakaa sebuleni. Wachapishaji wakubwa wa New York hawakuvitaka hata kuvishika, basi watu wadogo wakaanza kuvichapa wenyewe, mmoja kwenye ghorofa ya chini ya nyumba yake, mwingine kwenye banda la kuku. Mwaka uliopita mgombea wao wa urais alishindwa vibaya sana, na kijiwe kizima kiliapa kwamba biashara hiyo imekufa. Haikufa. Neva alibomoa ukuta wa nyuma ili apate nafasi ya rafu zaidi, na mwaka huu alianza kuchapa vyake mwenyewe.

— Mimi mzigo ule nimeubeba, alisema Dizeli. Chicago mpaka hapa. Lori linanesa! Nilidhani nimebeba vigae.

— Ngoja niwaambie siri yake, alisema Shemasi. Kuna tajiri wa mafuta huko Texas. Yeye ndiye ananunua vyote. Anavifukia jangwani kwa matingatinga, halafu magazeti yanaandika, “Vimekwisha, vimekwisha!” Na sisi wajinga tunakimbilia.

— Acha kamba, Shemasi.

— Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe.

— Hiyo inahusiana nini na vitabu?

— Tajiri kapishwa, bwana. Nani wa kumuuliza anachimba nini jangwani kwake?

Waziri alikuwa kimya muda wote huo, akipuliza kahawa ambayo ilikwisha kupoa. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili yake. Akiwa na jambo dogo alilisema papo hapo. Likiwa kubwa, alilipuliza kwanza.

— Nyie watoto, alisema mwishowe. Vile vitabu anavichapa Mrusi.

— Nani?

— Mrusi mwenyewe. Moscow. Sikilizeni. Mtu akisoma kile kitabu anaogopa. Akiogopa halali. Asipolala, kazini anasinzia. Nchi nzima ikisinzia, Mrusi anaingia kwa miguu, hana haja hata ya risasi.

— Yaani Mrusi anachapa vitabu vya kumtukana Mrusi?

— Ndiyo ujanja wenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako.

— Kwa hiyo shemeji yetu pale ng'ambo ni jasusi?

— Nani kamtaja shemeji? Mimi nasema akili za watu zinaoshwa, jamani. Zinaoshwa kama shati! Hatukuona Korea? Kijana mzima, wa hapahapa, unamwambia njoo nyumbani, yeye anakataa, anakwenda kwa—

Dizeli alikuwa amemkanyaga Waziri mguu, lakini neno likishatoka halina breki.

Hakuna aliyemtazama Orval. Kinyozi, mle ndani, alizima mashine yake, kisha akaiwasha tena.

Kijana huyo wa hapahapa alikuwa Lyle, mtoto pekee wa Orval na Neva. Alitekwa Korea katika majira ya baridi, akiwa bado hajaanza kunyoa ndevu sawasawa. Vita vilipokwisha na mateka kubadilishwa, kikundi kidogo cha Wamarekani kilikataa kurudi na kuchagua kwenda China, na Lyle alikuwa mmoja wao. Neva alirekodi sauti yake kwenye kanda ili apelekewe kule kambini, akimsihi. Jibu halikuja. Waandishi wa magazeti walikanyaga bustani yake ya waridi mpaka ikawa uwanja. Mtu asiyejulikana alimwaga rangi nyekundu mlangoni. Wanawake wa kanisani, ambao kwa miaka yote walikuwa wakimletea keki, waliacha kupita mtaa ule.

Orval alinyamaza. Ndivyo alivyoomboleza. Alikwenda ghalani, alirudi, alikuja kijiweni, alilala.

Neva alikwenda maktaba. Alimwambia mkutubi, “Nipe kitabu cha kuniambia mwanangu walimfanya nini.” Mkutubi, kwa huruma na aibu, alimpa kitabu chenye picha za mahekalu ya Kichina. Ndipo alipoona tangazo dogo la mchapishaji mmoja wa Chicago, akaagiza kitabu kimoja, kisha vitano, kisha katoni. Alisoma akipika, alisoma akisubiri maji yachemke. Jirani aliazima kimoja. Kisha aliyeacha kuleta keki alikuja kubisha hodi usiku, akiuliza kama kipo kingine. Jikoni pakajaa, ndipo akakodi lile duka la viatu. Watu wa Almeria walisema Neva amepata dini mpya. Orval hakusema kitu. Kitandani walilala wamepeana migongo, taa upande wa Neva ikiwaka.

— Nisamehe, Limau, alisema Waziri. Mdomo wangu hauna kizibo.

— Hujasema uongo, alijibu Orval.

— Lakini si mahali pake.

— Mahali pake ni wapi, Waziri? Nyumbani kwangu halisemwi. Hapa halisemwi. Basi liache lisemwe barabarani.

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyatoa tangu Krismasi. Shemasi alivua kofia, akaikagua ndani kana kwamba imeandikwa kitu. Dizeli alimimina kahawa kwenye kikombe cha Orval, na ilikuwa ya mwisho; chupa ilitoa matone mawili na masimbi.

Basi la kutoka Los Angeles lilisimama pale kona, likashusha abiria mmoja, likaondoka. Alikuwa mwanamume mwembamba, amevaa koti zito lisilofaa kwa jua lile, mkononi ana sanduku lililofungwa kwa kamba. Alisimama akitazama mtaa kwanza upande mmoja, kisha mwingine, kama mtu aliyeamshwa kwenye chumba cha watu. Halafu akavuka na kuja mpaka mbele ya benchi. Akavua kofia. Nywele za ubavuni zilikuwa na mvi.

— Habari za asubuhi, wazee wangu.

— Nzuri, kijana, alisema Shemasi. Umepotea?

— Hapana. Pale zamani palikuwa duka la viatu, la bwana mmoja mwenye jino la dhahabu.

— Alikufa. Siku nyingi.

Mgeni alitikisa kichwa taratibu. Kiingereza chake kilikuwa cha hapahapa, lakini kila neno lilitoka peke yake, kama mtu anayetoa sahani kabatini akiogopa kuzivunja. Alisoma ubao wa duka ng'ambo, ambao uliandikwa kwa herufi kubwa jina RIDENOUR.

— Naona wanauza vitabu, alisema. Vitabu vya nini?

Wanaume watatu walifungua midomo. Walikuwa wamevizungumza vitabu hivyo asubuhi nzima, na Jumamosi nyingi kabla ya hapo. Shemasi alikuwa na Texas yake, Waziri alikuwa na Moscow yake. Lakini Dizeli alikuwa ameuona mguu wa kulia wa mgeni, ulioelekea ndani kidogo, mguu wa mtoto aliyeanguka kutoka kwenye ngazi ya kuchumia malimau na kuungwa vibaya. Alimgusa Waziri. Waziri akatazama, akafunga mdomo.

Orval alikuwa ameujua mguu ule tangu uliposhuka kwenye basi. Alikuwa akijiambia hapana, miguu ya hivyo ni mingi. Sasa aliweka kikombe chini, kwa uangalifu, kando ya kiatu chake.

— Ni vya mama yako, alisema.

Mgeni alishika kofia kwa mikono miwili.

— Habari yako, baba.

— Nipo.

— Nimeogopa kwenda nyumbani moja kwa moja.

— Nyumbani hayupo. Yuko pale. Orval alisimama, na magoti yake yakalia. Twende.

Walivuka barabara pamoja bila kushikana. Orval alikuwa hajawahi kuingia dukani kwa mkewe wakati wa wateja, na wanawake waliokuwa mlangoni walimpisha kwa mshangao. Kisha wakamwona aliye nyuma yake. Mmoja wao, mwenye umri wa kukumbuka picha za magazeti, aliziba mdomo. Kimya kiliingia kuanzia mlangoni, kikaenda rafu kwa rafu, mpaka kwenye meza ya mauzo, ambako Neva alikuwa akifunga vitabu kwa karatasi ya kaki. Aliinua uso ili aone kwa nini watu wamenyamaza.

Mkasi ulibaki wazi mkononi mwake.

— Neva, alinong'ona mke wa daktari wa meno, ambaye alikuwa amerudi kuchukua katoni ya pili. Neva, mpenzi, nimwite sherifu?

— Mwite ukipenda, alisema Neva. Mwambie aje baadaye. Dada zangu, duka limefungwa.

Walitoka mmoja mmoja, na wengine waliacha hata chenji. Orval alifunga mlango, akabaki amesimama hapo, mkono bado kwenye kitasa. Kutoka ng'ambo, vichwa vitatu vilikuwa vimegeukia dirisha kama alizeti.

Neva hakuzunguka meza. Lyle hakuisogelea.

— Vyote hivi nimevisoma, alisema Neva, akionyesha rafu kwa mkasi. Kuanzia pale mpaka pale. Vingine mara mbili. Nilikuwa nakutafuta.

Lyle alitazama majalada. Nyota nyekundu, pingu, mnyororo, mkono mweusi juu ya ramani.

— Nimo, mama?

— Hapana. Hata mara moja. Wamo watu kama wewe. Wanasema waliponzwa, wanasema walirogwa, mwingine anasema walizaliwa hivyo kwa sababu mama zao waliwadekeza. Hicho pia nilikiuza. Na nisikudanganye, Lyle. Mengi ya humu nayaamini. Umekuja na sanduku lako ukakuta mama yako ni adui wa wale uliowachagua. Sitabomoa duka kwa sababu umerudi.

— Sikuja kubishana na wewe, mama.

— Mimi nataka ubishane! Alibwaga mkasi juu ya meza. Nimebishana na karatasi miaka yote hii. Karatasi haijibu. Nikisoma ukurasa, nakuuliza, Lyle, ni kweli haya? Kisha nafunua unaofuata. Nilifungua duka hili kwa sababu ya swali moja tu, na watu wakaja wakidhani nina majibu. Kaa chini.

Hapakuwa na kiti cha wateja. Lyle alikaa juu ya katoni ambayo haijafunguliwa, magoti juu, koti lile zito likimlemea mabegani. Alionekana mzee na alionekana mtoto. Neva alizunguka meza hatimaye, akasimama mbele yake, akainua mkono. Orval alidhani atampiga. Mkono ulitua kwenye zile mvi za ubavuni, ukakaa hapo.

— Kwa nini hukurudi? aliuliza.

Nje, lori lilipita na vioo vikatetemeka. Orval alijisikia yuko katikati ya watu wawili wenye shughuli yao. Alikigeuza kitasa polepole ili arudi kwa wenzake.

— Na wewe, Orval, alisema Neva bila kugeuka. Hujawahi kuniuliza nasoma nini. Hujawahi kuuliza chochote. Leo huendi kwenye benchi.

Orval aliachia kitasa. Alivuta katoni nyingine, ikakwaruza sakafu, akaisogeza mpaka magoti yake yakakaribia ya mwanawe, akaketi.

— Tunakusikiliza, mwanangu, alisema.

Lyle alivuta pumzi.

— Kulikuwa na baridi, alianza. Baba, hujawahi kuona baridi ya namna ile.